Mtini wa Ohio: matawi yakifa, yaache yafe

Tini niliijua kwa sikio kabla ya kuijua kwa ulimi. Chuoni kwetu Mombasa tulisoma Wattini wazzaytun, aya ya Kurani inayoapa kwa tini na zeituni, kwa sauti moja, na hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuuona mtini wenyewe. Tulioujua ni jamaa yake, mkuyu, ambao makuyu yake ukiyapasua unakuta wadudu. Leo nina mitini mitatu nyuma ya nyumba, Columbus, Ohio, ambako Januari ndoo ya maji ikisahauliwa nje huganda hadi chini. Mmekuwa mkiniuliza nafanyaje mpaka mitini izae kwenye baridi hii. Nianze na nilipokosea.

Mti wa kwanza niliununua kwa kuwa kibandiko kiliandikwa mtini, basi. Kila majira ya baridi matawi yalikufa, kila Mei ukachipua upya kutoka chini, ukanipita kimo, majani mapana kama sahani. Miaka mitatu, bila tini hata moja! Nikadhani ni udongo, nikamwaga samadi, ukazidisha majani. Kumbe aina ile huzaa zaidi kwenye matawi ya mwaka uliopita, na matawi yangu ya mwaka uliopita yalikuwa kuni.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiulize tu kama mti unavumilia baridi. Kila muuzaji atakwambia ndiyo. Uliza hivi: matawi yote yakifa, chipukizi la mwaka huu litazaa mwaka huu huu? Aina iitwayo Chicago Hardy huzaa hivyo, ndiyo maana naipenda. Matawi yake huanza kufa baridi ikifika kama nyuzi 12 za Selsiasi chini ya sifuri, lakini mizizi iliyofunikwa vizuri huvumilia hata nyuzi 29 chini ya sifuri. Jambo la pili, epuka aina za Smyrna. Hizo haziivi bila nyigu mdogo maalumu wa kuzichavusha, na nyigu huyo Ohio hayupo. Tini zake hudondoka zikiwa changa.

Panda kwenye ukuta unaotazama kusini. Kwetu jua hupita utosini, hatuna habari na upande wa ukuta. Huku, baridi ikiingia, jua huinamia kusini miezi kadhaa, na matofali yaliyoota jua mchana huutunza mti usiku.

Sasa kufunika. Mwaka mmoja nilijiona fundi, nikaufunga mti kwa nailoni kama zawadi ya harusi. Machi nilipoufungua nilipigwa na harufu ya uvundo. Ganda la shina nililigusa kwa kidole likateleza lote, kama ganda la muhogo uliochemshwa. Nailoni hupika mti mchana jua likiwaka, kisha yale majimaji yaliyonaswa ndani huganda usiku. Siku hizi nasubiri majani yapukutike, napunguza matawi hadi kama magotini, nafunga gunia la juti, kisha shinani narundika majani makavu kina cha sentimita 30. Waya wenye matundu madogo nauzungushia chini, maana panya wa shambani hupenda sana kujificha humo na kuguguna ganda. Mama alipoona picha akacheka: "Mwanangu, mti gani huo unavikwa blanketi?"

Mwezi wa Aprili usikate kitu kwa hasira. Kwangua tawi kwa ukucha. Ukiona kijani, li hai. Ukiona kahawia, shuka chini ukwangue tena.

Lakini kazi kubwa ni ya kiangazi, na wengi huisahau. Huku jalidi ya kwanza, yaani umande unaoganda, kwa kawaida huja Oktoba, na tini huhitaji miezi miwili hadi mitatu tangu ichomoze mpaka iive. Hesabu mwenyewe. Chipukizi likifikisha majani matano au sita nalikata ncha ili mti uache kurefuka na uanze kuzaa. Mbolea ya kukuza majani siipi baada ya Julai. Mwishoni mwa Agosti vitini vyote vidogo kama punje ya njegere navitoa, ingawa roho inauma, ili vikubwa viwahi. Vaa glovu: utomvu ule mweupe ukikupata ngozini kisha ukakaa juani, utababuka.

Usichume mapema ukidhani itaivia kapuni kama ndizi, haiivi. Ngoja shingo ilegee, tini iinamishe kichwa, ngozi ifanye nyufa, na tone la utamu lichungulie chini kwenye jicho, kile kitundu cha tini. Ila usingoje mno. Mwaka jana ya kwanza kuiva niliiacha "ilale siku moja tu". Asubuhi nikakuta ndege ameshadonoa nusu. Nusu iliyobaki niliila palepale, kwa kisu, nimesimama na kandambili kwenye umande.