Maswali ya Wasomaji: Nauli, Posho ya Safari na Kodi kwa Walio kwa Mkataba

SWALI: Kampuni iliyoko Industrial Area imeniajiri kwa mkataba wa miezi 18, lakini kazi yenyewe iko Naivasha. Kila wikendi narudi nyumbani, na kampuni hunipa sh12,000 za nauli kwa mwezi. Pesa hizo hukatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Mwenzangu, naye ni wa mkataba, hupewa posho ya safari na haikatwi hata shilingi. Je, naonewa?
*Fundi umeme, Pipeline*

JIBU: Huonewi, ila kabla ya kukubali, soma barua yako ya ajira pale palipoandikwa kituo cha kazi. Urefu wa mkataba hauamui lolote hapa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinahesabu posho ya usafiri kuwa sehemu ya mshahara. Kinaondoa tu pesa zinazorudishwa kwa gharama iliyotumika kikamilifu kwa kazi, pamoja na posho ya siku ambazo mfanyakazi yuko nje ya kituo chake cha kawaida kwa shughuli rasmi. Wewe kituo chako ni Naivasha. Kwenda Pipeline kuona familia ni safari yako binafsi, hata kama mwajiri ndiye mlipaji. Kama mshahara wako umefika kiwango cha 30%, zile sh12,000 zinakutoka sh3,600.

Mwenzako huenda kituo chake ni Nairobi na hutumwa Naivasha kwa wiki moja au mbili, kisha anarudi. Huyo yumo ndani ya msamaha. Tangu Julai 1, 2025, sh10,000 za kwanza za posho kwa kila siku ya safari ya kikazi hazitozwi kodi; awali zilikuwa sh2,000 tu. Akipewa sh14,000 kwa siku kwa siku nne, sh40,000 ziko huru. Sh16,000 zinazobaki zitakatwa kodi, isipokuwa awasilishe risiti kuonyesha zilitumika kwa kazi. Kwa zile sh10,000 hatadaiwa risiti ya kila kikombe cha chai, lakini safari yenyewe lazima ithibitike: barua ya kumtuma yenye tarehe na mahali, tiketi ya matatu ya SACCO au ya treni, na fomu ya madai iliyotiwa sahihi na msimamizi. Ujumbe wa M-Pesa peke yake unaonyesha pesa ilitoka. Hausemi ulikwenda wapi wala kufanya nini.

Kosa tunaloliona mara nyingi liko kwenye hati ya mshahara. Karani huweka nauli ya kila mwezi, posho ya safari na mafuta katika mstari mmoja, "usafiri", na mstari mzima unakatwa. Omba vitenganishwe. Na wale wanaoshauri kwamba barua iandikwe "Nairobi" huku mtu akishinda Naivasha mwaka mzima wanamtafutia mwajiri balaa: rejista ya geti la mtamboni itawaumbua siku ya ukaguzi.

SWALI: Ninatumia gari langu kutembelea wateja Thika na Nakuru. Nipewe pesa ya mafuta ya kila mwezi au nilipwe kwa kilomita?
*Afisa mauzo, Kasarani*

JIBU: Kwa kilomita, bila kusita. Tangu Julai 2023, malipo ya safari za kikazi yanayofuata viwango vya AA Kenya (chama cha wenye magari) huhesabiwa kuwa marejesho ya gharama, kwa hivyo hayatozwi kodi. Sh40,000 za mafuta zinazoingia kila mwezi, uende usiende, ni mshahara kwa jina jingine.

Viwango vya AA hutegemea ukubwa wa injini, basi ambatisha nakala ya kitabu cha gari. Weka daftari: tarehe, mteja, namba ya mita ya kilomita ukiondoka na ukirudi. Anza kuhesabu ofisini. Kasarani hadi ofisini ni safari ya nyumbani, haimo.

SWALI: Nina mkataba wa ushauri wa miezi 11 na shirika moja Westlands. Naenda Kisumu kila mwezi kwa gharama yangu, kisha wananirudishia. Mbona wanakata 5% hata kwenye nauli? Na zile sh10,000 za kila siku zinanihusu?
*Mshauri, South B*

JIBU: Hazikuhusu. Msamaha huo ni wa mwajiriwa, nawe unatoa ankara kama mfanyabiashara. Hiyo 5% ni kodi ya zuio, ambayo mlipaji hukata kwenye ada ya ushauri kabla ya kukulipa, na si kodi ya mwisho. Utaihesabia kwenye ritani ya mwaka, kwa hivyo hakikisha cheti chake kimeonekana iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, Mamlaka ya Mapato.

Inakatwa kwenye nauli kwa sababu ankara yako ina jumla moja. Ada ikiwa sh150,000 na safari sh30,000, ukiandika sh180,000 utakatwa sh9,000 badala ya sh7,500. Tenga mistari, ambatisha risiti. Njia safi zaidi ni shirika lenyewe kulipia tiketi na hoteli moja kwa moja.

Gharama usizorudishiwa unaweza kuzitoa kwenye mapato yako, lakini tangu Januari 2024 zinahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Hoteli ikikupa kijikaratasi cha mkono, gharama hiyo imepotea, basi itaje PIN yako ya kodi unapolipa, usingoje wakati wa ritani. Tiketi ya ndege haihitaji eTIMS. Nauli ya South B hadi Westlands ni safari ya nyumbani, haitolewi kabisa.

Tahadhari moja: kama shirika ndilo linalokupangia saa, dawati na likizo, KRA inaweza kusema wewe ni mwajiriwa na kulidai PAYE.

SWALI: Posho yangu ya usafiri hukatwa pia ada ya nyumba. Ni halali?
*Karani, Donholm*

JIBU: Ndiyo. Ile 1.5% hukatwa kwenye mshahara pamoja na posho za pesa taslimu zinazolipwa kila mara.

SWALI: Posho yangu ya safari ilikatwa kodi kimakosa mwaka jana. Nifanyeje?
*Mpimaji ardhi, Ruaka*

JIBU: Mwendee mwajiri kwanza arekebishe ritani za PAYE za miezi hiyo na kukupa P9 mpya, ile fomu ya mwaka ya mshahara na kodi uliyokatwa. Ukibadilisha takwimu peke yako iTax, hazitalingana na zake na dai litakwama. P9 mpya ikitoka, jaza ritani kabla ya Juni 30. Kama ulishaijaza, irekebishe. Kisha omba kurejeshewa humo humo iTax. Una miaka mitano tangu kodi hiyo ilipolipwa.