Anti, wameniuliza nitazaa lini

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mdada wa miaka 27, nimesoma uhasibu, naishi Mbagala. Wiki iliyopita niliitwa intavyuu ya msaidizi wa mhasibu kwenye kampuni moja hapa Dar, maswali ya kazi nilijibu yote, VAT, kulinganisha hesabu za benki na za ofisi, sikukwama hata moja. Mwishoni yule baba aliyekaa katikati akafunga faili akaniuliza umeolewa? Nikasema nina mchumba. Akasema unategemea kuzaa lini, mana nyie tukiwaajiri tu mnatuletea matumbo. Nikabaki nacheka tu. Mwingine akadakia, we kabila gani, unasali wapi. Nimepanda daladala nalia mpaka nyumbani. Alhamisi nina intavyuu sehemu nyingine, wakiniuliza tena nijibu nini? Nidanganye?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza hicho kicheko usijilaumu nacho, ukishtukizwa mwili unatafuta pa kujificha, na mtu aliyeshika ajira yako mkononi huwezi kumjibu kama unavyomjibu konda.

Ujue tu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ajili ya mimba, ndoa, majukumu ya familia, kabila, dini, ulemavu na mengine mengi, na imesema wazi kabisa kwamba anayeomba kazi naye analindwa. Ukinyimwa kazi kwa sababu hiyo na una ushahidi, unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Lakini pale kwenye kiti huwezi kuanza kusoma vifungu, unahitaji sentensi ya kutoka mdomoni.

Mimi nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, naijua ile hofu. Anayeuliza utazaa lini anapiga hesabu ya zile siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, anawaza nani atafunga hesabu za mwezi. Basi jibu hofu, tumbo liache. Sema taratibu, "Mambo ya familia nayapanga nyumbani mkuu, ila kwenye kazi kumbukumbu zangu naziweka vizuri kiasi kwamba hata siku nisipokuwepo mwenzangu anaendelea pale nilipoishia." Alafu hapo hapo usinyamaze, muulize wewe, "Samahani, hapa huwa mnafunga hesabu za mwezi tarehe ngapi?" Akishaanza kukujibu hilo mmesharudi kwenye kazi.

Kudanganya hapana. Nikiwa na miaka 29 niliulizwa hivyo hivyo nikasema mtoto sina mpango naye kabisa, nikapewa kazi, mwezi wa nne nikashika mimba, ikabidi niifiche kwa magauni mapana na koti mpaka ikafika miezi saba, kliniki nakwenda kwa kuibia muda wa chakula cha mchana, presha ikapanda na pale ofisini hakuna hata mmoja aliyejua nina mimba. Nikikumbuka hata leo naogopa. Ile kazi haikustahili kabisa nimhatarishe mwanangu, na uongo wenyewe hakuna aliyenilazimisha.

Kabila ni tofauti kidogo, mana kwetu kuulizana kabila mara nyingi ni salamu. Mpare akikutana na Mchaga lazima utani uanze, na mzee mwingine anakuuliza ili akuchangamshe tu. Ukiona anatabasamu mjibu, cheka naye, songa mbele. Ukiona kalamu imeshikwa anaandika, sema "mimi nimekulia hapa hapa Dar" inatosha. Dini nayo muulize tu kama kuna ratiba ya kazi ya Ijumaa au Jumapili, ndo kitu pekee kinachomhusu.

Afya yako, hasa mambo ya VVU, hiyo funga mlango: "hilo ni siri yangu na daktari wangu." Na ikitokea mtu anataka namba yako mkaonane jioni "tuongelee nafasi yako," hapo intavyuu imeisha mwanangu, hiyo ni rushwa ya ngono, sheria ya rushwa ya 2007 inaitambua kama kosa, piga TAKUKURU 113, bure. Usimjibu kwa meseji za kumchekea, tunza zile alizotuma yeye.

Sasa kabla ya Alhamisi fanya hivi, leo usiku mkalishe dada yako au rafiki unayemwamini, mwambie akuulize "utazaa lini" kwa sauti ya yule baba, tena kwa dharau kabisa, umjibu kwa mdomo sio kwa kichwani. Arudie na arudie, mpaka akwambie uso wako haubadiliki tena. Alafu niandikie Ijumaa.