Jibu: Mchuzi wa soba wenye chumvi tupu

Ndugu, umesema mchuzi wako wa kuchovyea tambi za soba, zile za Kijapani, ni chumvi tupu, na unachanganya sosi ya soya na maji tu. Hapo ndipo penye tatizo: kinachokosekana ni dashi, supu ya msingi ya Wajapani.

Loweka gramu 10 za kombu (mwani mkavu) kwenye lita moja ya maji kwa nusu saa. Pasha kwa moto mdogo, uutoe kabla maji hayajachemka, la sivyo utatoa utelezi na uchungu. Yakichemka, zima moto, tia gramu 20 za katsuobushi, vile vipande vyembamba vya samaki mkavu, subiri dakika mbili, chuja. Usikamue!

Kisha chemsha kipimo kimoja cha mirin (divai tamu ya mchele ya kupikia) ili pombe ipungue, ongeza kimoja cha sosi ya soya na vinne vya dashi. Kwa tambi za moto, dashi iwe vipimo vinane hivi. Usiyetumia kileo, weka sukari badala ya mirin. Ladha itapungua kidogo, ila inalika.

Friji, siku tatu basi. Mwenye tatizo la tezi ya shingo amuulize daktari kwanza, kombu ina iodini nyingi mno. Na asiyekula ngano aangalie, sosi ya soya ya kawaida ina ngano.