Wa Pongwe, usikamue masega yasiyozibwa

Weka hicho kisu chini kwanza. Umesema una mizinga miwili ya viunzi vya juu (vile vijiti vinavyopangwa juu, nyuki wananing'iniza sega chini yake) nyuma ya nyumba, masika yanabisha hodi, na mnunuzi wa asali kakwambia ukamue masega yote wiki hii, yaliyozibwa na yasiyozibwa, eti "itakomaa ndooni". Huyo kama si yule aliyenitia hasara mimi, basi ni pacha wake. Kinachovundikwa ni ndizi, si asali!

Mbochi, yaani maji matamu ya maua, huingia mzingani ikiwa zaidi ya nusu ni maji. Nyuki huipepea kwa mabawa mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20, ndipo wanaziba vitundu kwa nta. Maji yakizidi hapo, hamira ya asili iliyomo inaanza kazi: povu, harufu ya chachu, mfuniko wa ndoo unavimba. Kama unataka tembo, minazi ipo, usiwasumbue nyuki. Ubaya wenyewe ni kwamba masega mabichi machache yakichanganywa na mazuri yanapandisha maji ya ndoo nzima. Kuchemsha hakusaidii, kunaua harufu na rangi, na mshauri wako ndiye atakayekuwa wa kwanza kuikataa.

Kagua kiunzi kimoja kimoja, pande zote mbili. Robo tatu au zaidi imezibwa, kata. Chini ya hapo rudisha, uangalie tena baada ya wiki. Ule mtindo wa kulilaza sega na kulitikisa uone kama matone yanaruka ni wa fremu zenye waya. Lako halina waya. Ukililaza litakatika lote, na nyuki wa pwani watakuonyesha njia ya Korogwe kwa miguu. Sega lenye majana (watoto wa nyuki) usilikamue kabisa.

Vuna siku kavu, kamulia ndani, funika ndoo papo hapo. Asali hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga unaijua.

Bakiza masega mawili matatu ya asali karibu na majana. Mvua ikikolea hawatoki kutafuta chakula. Ukikomba yote watahama, ubaki unafuga nondo wanaokula nta.

Siafu: paka grisi nyaya zinazoning'iniza mzinga, majani yasiuguse. Ulichouliza kuhusu rangi na bei ya nta watakujibu wengine. Mimi niambie tu, kile kiunzi cha pembeni kabisa kimezibwa kiasi gani?