Picha ya DVD Inapovunjika Miraba: Tafuta Kwanza Hatua Inayoiharibu

Tangu nianze kuwahamishia watu video zao kwenye DVD, lalamiko ninaloletewa kuliko mengine yote ni hili: faili lilionekana safi kwenye kompyuta, lakini diski ilipowekwa kwenye deki picha ikavunjika miraba miraba, hasa pale watu wanapocheza au kamera inapogeuzwa kwa haraka. Wengi hukimbilia kubadilisha programu, ikishindikana hununua diski za aina nyingine, na mwishowe lawama zote huangukia deki. Mimi nasema usiguse kitu chochote kabla hujajua miraba hiyo inaanzia hatua gani. Hatua zenyewe ni tatu tu, yaani faili la asili, ugeuzaji (kulibadilisha faili liwe katika muundo wa DVD) na uchomaji (kuiandika kazi kwenye diski), na dawa ya moja haisaidii nyingine.

Chagua sehemu moja ya video yenye purukushani, andika dakika na sekunde yake, kisha itazame sehemu hiyo hiyo katika kila hatua. Anza na faili la asili, tena kwenye skrini kubwa na si kwenye simu, kwa kuwa kioo kidogo huficha kasoro nyingi. Video iliyokwisha kupita kwenye programu za kutumiana ujumbe huwa imebanwa tayari, na hakuna ugeuzaji utakaorudisha kilichotupwa, kwa hiyo katika hali hiyo mwombe aliyerekodi akupe faili lililotoka moja kwa moja kwenye kamera au simu yake. Ukiridhika na faili la asili, iagize programu ya kutengeneza DVD iandike folda ya VIDEO_TS, ambayo ndiyo hubeba video ya DVD, kwenye kompyuta bila kuchoma diski, halafu uifungue folda hiyo kwa VLC, programu ya kuchezesha video. Miraba ikiwa imeshaonekana hapo, tatizo ni ugeuzaji. Picha ikiwa safi hapo lakini mbovu kwenye diski, tatizo ni uchomaji au usomaji, na huna sababu ya kurudia kazi ya saa nzima ya kugeuza.

Hata sura ya kasoro yenyewe inasema mengi. Miraba midogo inayotokea pale vitu vinapotembea na kutoweka vinapotulia ni dalili ya uhaba wa biti, yaani data inayotumika kuelezea picha haitoshi. Kingo za maandishi au za nguo zikiwa na ngazi ngazi muda wote, picha ilikuzwa au ilipunguzwa vibaya. Mistari ya mlalo inayojitokeza kama meno ya kitana pembeni mwa mtu anayetembea hutokana na nyuga mbili za kila fremu (fremu ni picha moja moja ya video, na nyuga ni nusu zake mbili za mistari inayopishana) kupangwa kwa mfuatano usio sahihi au kuchanganywa wakati wa kubadilisha ukubwa. Na vipande vikubwa vya rangi vinavyorukaruka, pamoja na picha kuganda na sauti kukatika, vinaashiria kwamba deki inashindwa kuisoma diski.

Katika kazi zilizopita mikononi mwangu, kisa kikubwa kimekuwa uhaba wa biti, na hapo ndipo inafaa kutulia. DVD ya video hutumia mbano wa MPEG-2, ambao ni wa miaka ya 1990, ilhali faili la simu yako huenda limebanwa kwa H.264 ya mwaka 2003 au H.265 ya mwaka 2013, ambazo hufanya kazi kubwa kwa biti chache. MPEG-2 huigawa picha katika vipande vya pikseli 16 kwa 16 na kuhifadhi zaidi kile kilichobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Mtu akikaa kimya mbele ya ukuta, mabadiliko ni machache na biti zinatosha. Maji yanapotiririka, moshi unapopanda, taa za rangi zinapowakawaka juu ya umati unaocheza, karibu kila kipande hubadilika kwa wakati mmoja, biti huisha, na kigeuzi hulazimika kutupa undani wa ndani ya kila kipande. Kinachobaki ni mipaka ya vipande hivyo, na ndiyo miraba unayoiona. Kwa sababu hiyo, faili la MP4 linalopendeza kwa biti milioni 3 kwa sekunde halitapendeza hata kidogo likigeuzwa kuwa MPEG-2 kwa kiwango hicho hicho.

Hesabu yake ni nyepesi, nami huifanya kabla ya kufungua programu yoyote. Diski ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, sawa na biti bilioni 37.6. Gawanya kwa idadi ya sekunde za video yako. Kwa saa mbili, ambazo ni sekunde 7,200, unapata takribani biti milioni 5.2 kwa sekunde, na ukiacha nafasi kidogo ya menyu na ya sauti, picha inabaki na kama milioni 4.8. Kwa saa tatu jumla inashuka hadi milioni 3.5 hivi, na kwa dakika 90 inapanda karibu na milioni 7. Kwa macho yangu, video yenye mwendo mwingi huanza kuchakaa chini ya milioni 4, na huwa na utulivu wa kupendeza kuanzia milioni 6. Kanuni za DVD zinaruhusu picha ifike milioni 9.8, lakini kwa diski za kuchoma nyumbani sivuki milioni 8, kwani zipo deki zinazosita zinapolazimika kusoma kwa kasi ya juu mno.

Kwa hiyo anayetaka saa nne kwenye diski moja ya kawaida anaomba miraba. Gawanya kazi katika diski mbili, au tumia diski ya tabaka mbili yenye baiti bilioni 8.5. Kama lazima zikae kwenye diski moja, shusha ukubwa wa picha hadi 352 kwa 576, ambao nao unakubalika kwenye DVD: picha italainika, lakini biti zitagawanywa kwa pikseli chache na miraba itapungua sana. Mimi huona picha laini ikivumilika kwa urahisi zaidi kuliko picha inayovunjika.

Yapo pia mambo yanayokula biti kimyakimya. Sauti ya PCM isiyobanwa hutumia biti milioni 1.536 kwa sekunde, na kwa video ya saa mbili hiyo ni karibu baiti bilioni 1.4, zaidi ya robo ya diski nzima. Sauti hiyo hiyo ikibanwa kwa AC-3 ya biti 192,000 kwa sekunde huchukua baiti milioni 173 hivi. Hotuba na nyimbo zilizorekodiwa kwa kamera ya kawaida hazipotezi kitu cha kusikitisha kwa mabadiliko hayo, na picha inapata nafasi ya kupumua. Mlaji mwingine ni chenga za gizani: video iliyopigwa usiku hujaa vidoa vinavyobadilika kila fremu, na kigeuzi huvihangaikia kana kwamba ni habari muhimu. Kichujio chepesi cha kupunguza chenga, kwa mfano hqdn3d cha programu ya kugeuza video ya FFmpeg, kikitumiwa kabla ya ugeuzaji huokoa biti nyingi, ila kisizidishwe, maana nyuso za watu huanza kufanana na nta.

Katika mipangilio ya ugeuzaji, chagua kiwango cha biti kinachobadilika, chenye kupita mara mbili. Mara ya kwanza programu huipima video nzima, na mara ya pili huzipa sehemu ngumu biti ilizookoa kwenye sehemu tulivu. Muda unaongezeka, lakini kwa video ndefu sioni sababu ya kuuhurumia. Hakikisha pia kwamba video haibanwi mara mbili bila wewe kujua: ukihariri, ukatoa MP4 iliyobanwa sana, kisha ukaipa programu ya DVD, miraba ya kwanza itabanwa pamoja na picha. Toa faili la ubora wa juu kadiri hifadhi ya kompyuta inavyoruhusu.

Ukubwa na kasi ya fremu navyo vioane. DVD hufuata mojawapo ya mifumo miwili ya runinga: PAL ni pikseli 720 kwa 576 kwa fremu 25 kila sekunde, na NTSC ni 720 kwa 480 kwa fremu 29.97. Video ya simu ya fremu 30 hutembea vizuri zaidi ikiwekwa NTSC, mradi deki na runinga zako zinaikubali.

Ikiwa kipimo cha mwanzo kimeonyesha kwamba uchomaji ndio mkosaji, shusha kasi ya kuchoma hadi 4x au 8x, tumia DVD-R au DVD+R badala ya zile za kufutika, ambazo huakisi mwanga hafifu zaidi, iache programu ihakiki diski baada ya kuchoma, na usibandike karatasi juu yake. Jaribu diski hiyo kwenye deki ya pili kabla ya kuchoma nyingine.

Baada ya hayo yote, picha bado itakuwa laini kuliko faili la asili. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na ya DVD ya PAL ina 414,720, yaani moja ya tano kamili, kwa hiyo runinga kubwa inalazimika kuikuza. Ulaini huo hautibiki kwa mpangilio wowote. Ninapomkabidhi mtu diski humpa na faili la MP4 kwenye flashi, ili mwenye runinga yenye tundu la USB atazame hilo, na mwenye deki peke yake atazame DVD.