Saa 72 Hazisubiri Uchunguzi Wako Uishe

Msomaji mwenye duka la mtandaoni Nairobi ameniandikia: orodha ya wateja wake imevuja, na fundi wake anamwambia anyamaze kwanza mpaka chanzo kijulikane. Ndugu yangu, fundi huyo atakuponza. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinahesabu saa 72 za kutoa taarifa tangu ulipofahamu. Umegundua Ijumaa saa kumi jioni? Mwisho wako ni Jumatatu saa kumi jioni. Wikendi imo humo humo.

Wa kuarifiwa ndani ya saa hizo ni Kamishna wa Data, iwapo kuna hatari ya kweli ya wateja kudhurika. Ukichelewa, ambatisha sababu. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Mteja huandikiwa, kumpigia simu hakutoshi. Hapo sheria haikutaja saa, imesema tu muda unaofaa, na wengi hujificha kwenye neno hilo. Halafu barua yenyewe! "Mpendwa mteja, tulipata changamoto ya kiufundi." Hiyo inamsaidia nani? Andika hivi:

"Usiku wa tarehe 3 mtu asiyeruhusiwa alinakili majina, nambari za simu na oda zenu. Manenosiri hayakuguswa. Tumeifunga akaunti aliyoitumia. Mtu akikupigia akaitaja oda yako na kuomba PIN, kata simu. Sisi hatuombi PIN."

Malizia kwa jina na simu ya afisa wako wa ulinzi wa data. Kama data ilikuwa imefichwa kwa msimbo imara na ufunguo haukuibwa, unaweza kusamehewa kumwandikia mteja.

Kampuni inayokutunzia seva au kuwatumia wateja SMS kwa niaba yako inapaswa kukujulisha bila kukawia, ikiwezekana ndani ya saa 48. Mara nyingi taarifa hiyo hutumwa kwa baruapepe ya mfanyakazi aliyeacha kazi zamani. Weka kwenye mkataba nambari ya mtu anayepokea simu hata usiku.

Na kabla fundi hajaisafisha seva, nakili kumbukumbu zake zote (logs), yaani rekodi za nani aliingia na alifanya nini. Akitangulia kufuta, hutajua ni wateja gani wa kuandikiwa. Kisha fungua daftari: kilichotokea, madhara yake, ulichorekebisha. Mstari wa kwanza uwe saa uliyogundua, pamoja na jina la aliyegundua.