Nipe namba ya kesi kwanza

Swali lenu la wiki hii ni: "Ukisikia mtandaoni kwamba msanii ameshtakiwa, unajuaje kama ni kweli?" Mimi nina saiba hapa Malindi, karibu na mahakama, na mkate wangu ni kuchapa na kutoa kopi karatasi za kesi za watu. Mngedhani mtu kama mimi hadanganyiki. Mwaka juzi nilirusha kwenye grupu la familia picha ya mwanamuziki mmoja wa Bongo akiwa na pingu mikononi. Shangazi yangu wa Lamu akaipokea, akaenda nayo kwenye arusi kule Langoni, akaitangaza mbele ya wanawake wote. Usiku huohuo msanii yuko kwenye runinga, anacheka, anainadi video yake mpya. Pingu zilikuwa za video. Shangazi hakunisemesha mpaka Maulidi, na siku hiyo yenyewe neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, wakaa mlangoni pa korti na hujui kesi?"

Tangu hapo nimekuwa msumbufu. Mtu akinijia na habari ya kesi ya staa, namuuliza: namba iko wapi? Korti gani? Nani anamdai nani?

Nadhani nusu ya uvumi huu inatokana na neno letu wenyewe. "Ameshtakiwa" hubeba mizigo miwili. Jirani akikupeleka kortini kwa mpaka wa shamba, umeshtakiwa. Serikali ikikupandisha kizimbani kwa wizi, umeshtakiwa vilevile. Ya kwanza ni madai, mwisho wake mara nyingi ni pesa au amri ya korti. Ya pili ni jinai, na jela iko mbele yako. Msomaji akisikia staa fulani wa Marekani kashtakiwa, kichwani mwake tayari kuna pingu, hata kama ni ugomvi wa mkataba tu. Wataliano wa hapa mjini wana mtego wao pia. Mteja wangu mmoja mzee wa Kitaliano alinifafanulia kwamba "querela" ni malalamiko tu yanayopelekwa kwa polisi au mwendesha mashtaka, na kwamba "indagato" ni anayechunguzwa, hajawa "imputato", yaani mshtakiwa rasmi. Vijana wetu wa ufuoni, wanaokizungumza Kitaliano kama maji, huyatafsiri yote matatu kwa neno moja: kashtakiwa!

Lakini kilichonifunza zaidi ni kisa cha Januari 2025. Vijana wawili wa bodaboda, wanaoegesha chini ya mwarobaini mbele ya duka langu, waliingia wakibishana juu ya marapa wawili maarufu, wamewekeana soda. Wa kwanza: "Drake kamshtaki Kendrick Lamar, na kesi iko Supreme, korti ya juu kabisa Marekani." Wa pili: "Hakuna kesi. Aliiondoa mwenyewe." Kila mmoja ana simu, kila mmoja ana ushahidi, na mimi ndiye kadhi.

Tukaketi. Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Ukitafuta "Drake" kwenye majalada ya korti waweza kukesha, kwa sababu yeye ni Aubrey Drake Graham, na kesi inaitwa Graham dhidi ya UMG Recordings. Kwetu ni hivyohivyo: mara nyingi jalada hufunguliwa kwa jina la kitambulisho, na jina la jukwaani huenda usilione hata kidogo. Tatizo la pili ni hilo UMG. Ni kampuni inayosambaza muziki wa wote wawili, na ndiyo iliyoshtakiwa. Kendrick hakuwa mdaiwa.

Na hiyo Supreme? Hapa hata mimi nilishangaa. Novemba 2024 Drake alikuwa ameweka ombi dhidi ya UMG na Spotify katika korti ya jimbo la New York iitwayo Supreme Court. Jina kubwa, lakini katika jimbo lile hiyo ndiyo korti ya kuanzia kesi. Ya juu kabisa inaitwa Court of Appeals. Kwetu Kenya ni kinyume, Mahakama ya Rufaa iko chini ya Mahakama ya Juu. Isitoshe, lile lilikuwa ombi la kupewa taarifa kabla ya kesi, halikuwa kesi kamili. Aliliondoa Januari, na tarehe 15 mwezi huohuo akafungua kesi ya kuchafuliwa jina katika korti ya shirikisho. Kwa hiyo wa pili alikuwa na habari ya ombi lililoondolewa, wa kwanza alikuwa na kesi mpya aliyoivika nguo za ombi la zamani.

Namba niliwaandikia nyuma ya risiti: 1:25-cv-00399. Ile 25 ni mwaka, cv ni madai (ingekuwa jinai ungeona cr), na 399 ni nafasi yake kwenye foleni ya mwaka. Ukiwa na namba hiyo, mfumo wa korti za shirikisho uitwao PACER hukupa karatasi zenyewe kwa senti 10 za dola kwa ukurasa, na gharama zako zisipozidi dola 30 kwa miezi mitatu hudaiwi kitu. Mimi huanzia CourtListener, ambako nyaraka nyingi zilizokwisha kununuliwa na wengine husomwa bure. Kwa kesi za hapa kuna Kenya Law, bure kabisa, ila huko ni hukumu na maamuzi. Kesi iliyofunguliwa jana usiitafute huko. Zile za karibuni, ukiona herufi E mbele ya namba, ujue ilifunguliwa kwa njia ya mtandao.

Nami hukumbusha watu kwamba hati ya madai ni maneno ya upande mmoja. Naziandika kila siku, najua watu wanavyotia chumvi. Mwigizaji Justin Baldoni alipomdai mwigizaji mwenzake Blake Lively, pamoja na wengine, dola milioni 400 mnamo Januari 2025, grupu letu lilishamlipa. Juni mwaka huohuo jaji aliyatupa madai hayo. Kiasi kinachotajwa kwenye hati ni bei ya kwanza ya muuza samaki pale bandarini.

Soda? Nilisema wote wawili wamekosea nusu, kwa hiyo waninunulie mimi. Hawakununua. Oktoba 2025 jaji wa New York akaitupilia mbali kesi ya Drake dhidi ya UMG, na asubuhi yake nikasikia breki mbele ya duka. Ni yule wa pili, hajavua hata kofia ngumu, simu ameinua juu: "Mzee, si nilikwambia hakuna kesi?"

Nikamwambia wakili wake Drake anaweza kukata rufaa. Akauliza rufaa ni soda ngapi.